Kiyoyozi cha Mama Shuka

Mtaani kwetu alikuwa akiitwa Jokofu, na alikuwa ameshalizoea jina hilo kiasi kwamba hata wajukuu wa jirani walipomwita "Babu Jokofu" aliitika bila kugeuka mara mbili. Miaka thelathini na moja alifanya kazi katika ghala la baridi la kampuni ya nyama. Kazi yake ilikuwa kupanga makasha, kusoma vipimajoto, kukwangua barafu iliyoganda kwenye feni, na kuhakikisha mpira wa mlango unabana pande zote nne. Saa mbili asubuhi, wakati watu wa nje wanaanza kujifuta jasho, yeye alikuwa akivaa koti zito la buluu lenye kofia. Akilivua jioni, magoti yamekufa ganzi na vidole haviwezi kufunga kifungo cha shati.

"Baridi naijua mimi," alikuwa akituambia tukiwa tumekaa nje ya duka langu. "Nyinyi mnaijua kwenye soda tu."

Mkewe alifanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali. Huko ni mvuke mwanzo mwisho: mapipa ya maji yanayochemka, mashine ya pasi ndefu kama meza ya harusi, na mashuka yanayotoka humo yakiwa ya moto hata kuyakunja unapuliza vidole. Kwa sababu hiyo aliitwa Mama Shuka, naye kwa upande wake alikuwa na utani wa kuwaambia watu kwamba hakuna mgonjwa mjini humu aliyewahi kulala vizuri bila mkono wake kupita.

Basi fikiria watu hao wawili wanakutana nyumbani jioni. Mume anarudi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu, mke anarudi kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Mama Shuka alikuwa akiketi kwenye kigoda cha jikoni, hajavua hata viatu, na neno lake la kwanza lilikuwa ni "Lete mikono." Jokofu anampa. Anaichukua yote miwili, anaiweka shingoni mwake, mmoja huku na mmoja huku, anafumba macho na kuvuta pumzi ndefu. Hakuna salamu, hakuna habari za kazini, mpaka mikono ile ipate joto. Binti yao wa pekee alikulia kwenye mlango huo wa jikoni akiwatazama na kuuliza chakula kitaiva saa ngapi.

Jokofu alistaafu kwanza. Baada ya mwezi mmoja mikono yake ikawa ya vuguvugu kama ya mtu mwingine yeyote. Mama Shuka alirudi siku moja kutoka kazini, akaishika, akaiweka shingoni, akaitoa.

"Haya," akasema, "sasa wewe humu ndani una kazi gani?"

Walicheka sana siku hiyo. Lakini ndipo alipoanza kuomba kiyoyozi.

Aliomba kwa utani mara ya kwanza. Mara ya pili aliomba akiwa naye amestaafu, msimu wa joto, ukuta wa chumba chao unaotazama magharibi ukiwa umepigwa na jua tangu saa nane mchana mpaka ukiugusa unatoa mkono. Jokofu hakutaka hata kusikia. Si kwamba hakuwa na uwezo. Kiinua mgongo chake kilikuwapo, na hakikuwa na kazi nyingine. Ni ubishi tu wa mtu aliyechoshwa na jambo moja.

"Miaka thelathini na moja nimekaa ndani ya baridi," alisema. "Leo uniletee baridi mpaka kitandani? Magoti yangu yamekukosea nini?"

Mara ya tatu Mama Shuka hakuomba kwa maneno. Moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka, miguu imevimba, na mchana alikuwa akilala chali huku macho yake yakiangalia dirisha ambalo pazia lake halikutikisika. Aliyesema ni binti, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, muuzaji katika duka la dawa katikati ya mji. Alisimama palepale mbele ya kitanda akasema, "Baba, kama hutaki kununua, basi acha nilete mimi. Kesho nakuja na fundi."

"Usilete," Jokofu akajibu. "Nitanunua feni ya pili. Feni inatosha."

Akanunua feni, kubwa, ya kusimama, kifuniko chake cheupe. Ilichukua joto lile lile la huku ikalipeleka kule. Na yeye mwenyewe akajipa kazi ya muuguzi: kila baada ya robo saa aliingia na bakuli la maji, akachukua kitambaa kilichokuwa kwenye paji la uso la mkewe, akakikamua, akakirudisha. Hakukosa hata robo saa moja. Mama Shuka alikuwa akisema "Asante, baba," na kufumba macho.

Alifariki siku tatu kabla ya mvua kuanza kunyesha.

Mwaka ulipita. Jokofu hakuwa mtu wa kulialia mbele za watu. Alikuja dukani kwangu, akaketi, akasoma gazeti la jana, akaondoka. Ukimuuliza hali, anasema "Tunasukuma." Tulimwona amekonda, tukasema ni upweke, tukamletea vyakula kwenye vibakuli vilivyofunikwa, naye akavirudisha vibakuli vimeoshwa. Msimu wa joto ukarudi kama kawaida yake.

Mchana mmoja wa msimu huo, kama alivyonisimulia mwenyewe, alijisikia kichwa kizito. Akaingia chumbani, akajilaza upande wake wa kitanda, ule wa mlangoni. Joto lilikuwa limemlalia kifuani kama mtu. Akainuka, akachota maji kwenye lile bakuli, akalowesha kitambaa, akajiwekea kwenye paji la uso kama alivyokuwa akimfanyia mkewe. Kikamtuliza. Akavuta pumzi. Kisha, kabla hajamaliza hata kupanga mawazo yake, kitambaa kikawa na joto. Akadhani hakukilowesha vizuri. Akakilowesha tena, safari hii akaangalia saa ya ukutani. Dakika mbili. Dakika mbili tu, na kitambaa kikawa kama kimetoka mfukoni mwa mtu.

Alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda na kitambaa mkononi. Robo saa ina dakika kumi na tano. Toa hizo mbili. Kila mara alipotoka chumbani akijiona amefanya la maana, mkewe alibaki na kitambaa cha moto usoni kwa zile zilizobaki zote, akimsubiri arudi, na akirudi anamwambia asante.

Jokofu akavaa viatu akaenda mjini, jua hilohilo la saa tisa, bila kofia.

Dukani alipokelewa na muuzaji aliyevaa tai na kutabasamu kwa kazi. Viyoyozi vilikuwa vimepangwa ukutani, vyeupe, vimefumba midomo.

"Karibu, mzee wangu. Chumba chako kina ukubwa gani?"

"Mita nne kwa tatu na nusu. Dari si ndefu. Ukuta wa magharibi unapigwa na jua kuanzia saa nane, dirisha moja, mlango mmoja, na chini ya mlango kuna uwazi wa kupitisha vidole viwili. Huo nitauziba mimi."

Muuzaji akamtazama vizuri. "Mzee, wewe ni fundi?"

"Mimi nilikuwa mlinzi wa baridi," Jokofu akasema. "Nilikuwa naizuia isitoke."

"Na wanaolala humo ni wangapi?"

"Wawili."

Aliniapia kwamba hakukusudia. Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka hakuona njia ya kulirudisha. Muuzaji aliandika wawili.

Jokofu akaomba viwashwe kimoja kimoja. Akasimama chini ya kila kimoja amefumba macho, ameinamisha kichwa, akisikiliza. Kimoja alisema kinakohoa. Kingine alisema feni yake haikukaa katikati, na muuzaji alipoweka sikio akakubali kwamba kweli, kama kinatetemeka kidogo. Mwisho wakafika kwenye kidogo kilichokuwa pembeni.

"Hiki je? Maana anayelala pale ni mgonjwa, hapendi kelele."

"Hiki, mzee, kinanong'ona tu."

Jokofu akasikiliza muda mrefu kuliko vyote. "Hiki nakichukua," akasema.

Mafundi walikuja asubuhi ya pili yake. Walikuwa wawili: mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli ya kijivu, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu, na mwanamume mmoja mnene asiyesema, ambaye kazi yake ilikuwa kukunja mabomba ya shaba na kufunga kile kipande cha nje. Jokofu alimpenda yule fundi tangu alipomwona anatandaza nailoni juu ya kitanda kabla hata hajashusha drili. Kabla ya kupima chochote, alivua viatu mlangoni.

"Sasa, mzee," fundi akasema akiwa amesimama katikati ya chumba, pima maji mkononi, "kwa kawaida hatupendi upepo umpige mtu moja kwa moja. Upande ule wa dirishani analala nani?"

"Mama."

"Na huu wa mlangoni ni wewe. Basi tukifunge juu ya kabati, upepo upite miguuni kwenu wote. Mtalala vizuri."

"Hapana," Jokofu akasema. "Kifunge hapa." Akaonyesha ukuta uliokabiliana na mto wa dirishani. "Nataka umpige yeye. Usoni."

"Usoni kabisa? Mzee, ataamka na shingo imekakamaa. Nimeona wengi, wananipigia simu baada ya siku mbili wanalalamika."

"Yeye hatalalamika."

Fundi akakuna kichwa kwa penseli. "Yeye mwenyewe anasemaje? Yupo nije nimuulize?"

"Ametoka. Fanya hivyo, mwanangu. Ameliomba jambo hili muda mrefu, nikawa namzungusha. Na mimi magoti hayapendi baridi, kwa hiyo huku kwangu usilete."

Yule mwanamke akacheka kwa sauti. "Mzee, naona mama ana bahati. Wanaume wengi ninaowafungia, wanataka upepo uelekee kwao na mke ajitafutie blanketi." Akamwita mwenzake kwa kupiga mluzi, akaweka alama mbili za penseli ukutani.

Jokofu alitoka nje akajifanya anaangalia kipande cha nje kinavyokaa. Drili ilipoanza kula ukuta, alisema, aliisikia mpaka kwenye meno.

Saa sita kazi ilikuwa imekwisha. Walinyonya hewa kwenye mabomba, wakafungulia gesi, wakafunga nyaya, fundi akafagia vumbi kwa mkono wake mwenyewe na kukunja nailoni bila kumwaga hata punje. Kisha akabonyeza rimoti. Kile kitu kikafungua mdomo polepole, kikakaa kimya kwa muda kana kwamba kinafikiri, halafu kikaanza kunong'ona. Fundi akaweka kiganja juu ya mto wa dirishani.

"Unakuja hapa hapa," akasema. "Mwambie mama asianze na kumi na sita. Aanze na ishirini na nne, azoee kwanza. Akitaka nimbadilishie uelekeo, anipigie yeye mwenyewe. Namba yangu hii." Akaiandika kwenye kipande cha kasha, akakisimamisha kwenye meza ndogo ya upande wa dirishani, upande wa mama.

Walipoondoka, Jokofu alitandika shuka. Alilipiga pasi mwenyewe, na anakiri kwamba Mama Shuka angelitupa chini na kulianza upya. Akaziba uwazi wa chini ya mlango kwa mpira aliokata vizuri, kazi ya mkono wake wa zamani. Ilipofika saa nane, jua lilipougeukia ukuta, akawasha. Akalala upande wake, akajifunika blanketi mpaka kifuani, magoti ameyazungushia fulana. Upepo ukapita kule kwa mkewe. Akaona pembe ya foronya inainuka na kushuka, inainuka na kushuka.

"Haya," akasema. "Ndio huo."

Alikaa hivyo mpaka saa kumi na moja, akazima, akaenda kupika. Kesho yake akafanya hivyohivyo, na keshokutwa. Tuliokuwa dukani tukajua kwamba saa nane mzee hapatikani. Wengine walisema amepata mtu. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilimtania: "Jokofu, naona umerudi ghalani." Akatabasamu tu, akanunua kiberiti akaondoka.

Binti alikuwa akija Jumamosi. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo alifika na mfuko wa dawa za magoti ya baba yake, na kabla hajaingia ndani akaona kile kipande cha nje kimeshikiliwa ukutani, feni yake inazunguka na maji yanadondoka tone moja moja kwenye ndoo. Akasimama uani. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nikamwona anavyokitazama, nikajua kuna jambo.

"Baba, hii nini?" akauliza Jokofu alipotokeza mlangoni.

"Kiyoyozi."

Aliingia moja kwa moja hadi chumbani. Tangu mazishi hakuwa ameingia humo. Akija huishia sebuleni na jikoni. Aliona kinakotazama. Aliona mto uliopangwa, shuka lililonyooshwa upande ule, na blanketi la baba yake limevurugika upande huu.

"Nilikwambia nitaleta mimi," akasema. Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa nimesimama hapa. Hapa hapa, baba."

"Ulisema."

"Ukasema feni inatosha."

"Nilisema."

"Sasa hiki ni cha nani?"

Jokofu akaonyesha mto wa dirishani. "Ni chake," akasema.

Binti akaangalia ule mto. Aliweka mfuko wa dawa juu ya meza ya sebuleni akatoka, na lango hakulifunga. Jumamosi iliyofuata hakuja. Dawa zilifika kwa mkono wa mwanamke anayeuza mboga, zimefungwa kwenye karatasi, hazina hata neno. Na Jumamosi ya pili vivyo hivyo.

Jokofu hakumpigia simu. Aliendelea na saa nane yake. Lakini alisema kwamba baada ya siku ile upepo ulikuwa ukipita tu. Alikuwa akiulaza mkono wake upande wa pili mpaka vidole vinapoa, kama zamani anapotoka ghalani, kisha anabaki nao hewani, maana hakuna anayeuomba.

Wiki ya tatu ikatokea hitilafu. Alikuwa amesinzia kidogo, akaamshwa na sauti ya tone. Akafumbua macho akaona maji yanashuka kutoka kwenye pembe ya kile kiyoyozi, yanafuata ukuta, yanachuruzika mpaka juu ya kitanda. Mto wa dirishani ulikuwa umelowa nusu. Akili zikamruka. Alivuta mto, akauacha, akakimbilia rimoti, akabonyeza kitufe kisicho chenyewe, baridi ikazidi. Akachukua simu, akapiga ile namba ya kwenye kipande cha kasha.

"Njoo haraka," akasema. "Maji yanammwagikia mama."

Fundi alifika kabla saa moja haijaisha, peke yake, na ngazi begani. "Pole sana, mzee. Mama amelowa? Nguo zake? Yuko wapi nimwombe radhi?"

Jokofu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, ameukumbatia mto uliolowa, na maji yalikuwa yameshapita kwenye shati lake.

"Mama hayupo," akasema. "Ana mwaka mmoja na miezi minne tangu atutoke."

Yule mwanamke aliegemeza ngazi ukutani, akaketi kwenye kidato chake cha chini, mikono juu ya magoti. Akamwacha aseme. Na Jokofu, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akituambia "tunasukuma," akamweleza mtu aliyemjua kwa siku moja: mikono ya jikoni, feni ya kifuniko cheupe, robo saa na dakika mbili. Alisema alilia, na kwamba hakuona aibu, kwa sababu yule mwanamke alikuwa akiangalia bisibisi yake muda wote.

Alipomaliza, fundi akasimama, akapanda, akafungua kifuniko. Akaweka pima maji.

"Kosa ni langu," akasema akiwa juu. "Bomba la maji nililiinua nusu kidole. Yamekosa pa kwenda yakarudi ndani." Akalishusha, akamwagia kikombe cha maji kujaribu, akasikiliza mpaka yote yakatoka nje. Kisha akageuka. "Mzee, nikubadilishie uelekeo? Nikiugeuza utakuja kwako."

"Magoti hayataki."

"Nilisahau." Wote wawili wakacheka kidogo, kicheko kilichochoka. Fundi akashuka, akafunga begi lake. "Una watoto?"

"Mmoja. Binti. Amenikasirikia."

"Ana haki?"

Jokofu akafikiri. "Anayo."

"Umemwambia hivyo?"

Hakuwa amemwambia.

Siku ya pili asubuhi alinipitia dukani amevaa shati jeupe na viatu vya ngozi, nikadhani anakwenda msibani. Alikwenda duka la dawa. Binti alikuwa nyuma ya kioo na koti lake jeupe, akisoma mwandiko wa daktari kwa kukunja uso. Alipomwona baba yake, akashtuka.

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi. Nimekuja kukuambia una haki."

"Subiri, baba, nimhudumie huyu."

Alimhudumia bwana mmoja mwenye kikohozi, akamweleza mara mbili jinsi ya kunywa dawa yake, kisha akamfungulia baba yake kijimlango cha kaunta, akamkalisha kwenye kasha huko nyuma, katikati ya rafu. Jokofu akamweleza ya kitambaa. Hakujitetea. Alisema, "Uliniambia nikakataa. Nilikuwa nafikiria mwili wangu tu. Niliona nimeshajua baridi, kumbe sikuwa nimejua joto." Alisema, "Nikiwasha kile kitu si kwamba nimesahau kuwa nimechelewa. Ninajua kila siku."

Binti alikuwa ameegemea rafu, anapanga vichupa ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Si kwamba alikosa kabisa, baba," akasema mwishowe.

"Alikosa nini?"

"Baridi. Unaiona benki hiyo, mlango wa pili? Kila Jumatano alipokuja kuchukua dawa zake, nilikuwa namwomba mwenzangu anishikie kaunta, tunaingia humo. Kuna baridi mno. Tunachukua namba kwenye mashine, tunakaa kwenye viti kama wateja. Namba ikiitwa tunajifanya hatujasikia. Ikipita, tunachukua nyingine."

Jokofu akamkazia macho. "Mama yako?"

"Mama yangu! Siku moja mlinzi akamjia, akamwambia, 'Mama, namba yako imeitwa mara tatu.' Mama akaitazama ile karatasi, akamwambia, 'Mwanangu, hii nimeiokota tu. Yangu bado.'" Binti akacheka na machozi yakashuka papo hapo, akayafuta kwa mkono wa koti. "Tulicheka mpaka karani akasimama kuangalia kuna nini. Tulikaa humo hadi walipofunga."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, 'Baba yako mwache na feni yake. Ameinunua kwa moyo.'"

Jokofu alishika tama pale juu ya kasha. Alisema hakujua kama jambo lile limemwumiza au limemponya. Kwamba vilikuja pamoja, na kwa muda hakuweza kuvitenganisha. Kilichomkaa kifuani ni kwamba mkewe alikuwa na Jumatano zake, na kicheko, na yeye hakuwamo. Angetoa kila alichonacho aingie kwenye hiyo Jumatano moja tu, akae kiti cha nyuma, asiseme neno.

"Alikuwa akikaa wapi?" akauliza.

"Safu ya pili, ukutani. Chini kabisa ya kiyoyozi."

Jumatano ilipofika, Jokofu akaenda. Alichukua namba kwenye mashine kama alivyoona wengine wakifanya. Kiti cha ukutani, safu ya pili, kilikuwa kitupu, hakukikalia. Aliketi kinachofuata, akaweka mikono juu ya mapaja, magoti yakaanza kumlalamikia mara moja. Watu waliingia na kutoka na karatasi zao. Alikaa humo mchana wote, na alipotoka jua lilikuwa limelegea. Akasimama kwenye ngazi za benki akampigia binti yake, ingawa duka la dawa lilikuwa mlango wa pili tu na angeweza kutembea.

"Nilikuwa benki," akasema.

"Umefanya nini?"

"Nimekaa."

Akasikia binti anamwambia mteja asubiri kidogo.

"Baba, na namba yako ilipoitwa?"

"Nilijifanya sijasikia."

Binti akacheka. Naye akacheka. Na hakuna aliyekata simu.